Saa Iliyorudi 2009

Kwa miaka minne niliandika hesabu za kikundi kimoja cha wenye mawese hapa Rumonge, Burundi. Kazi yenyewe si ngumu: akina mama wanaleta ngazi za mchikichi, mashine inakamua, mafuta yanapimwa kwa bidoni, na anayechukua kwa mkopo anaandikwa jina. Bidoni tatu za mama wa Kizuka. Bidoni moja ya mvuvi wa Minago, atakayelipa mwezi ukiingia gizani na ndagala wakipanda. Yote hayo yalikaa ndani ya kompyuta moja ya mezani ya mtumba, yenye kibodi ya Kifaransa ambayo herufi A imekalia kiti cha Q. Daftari za karatasi tulikuwa tumeziacha. Tulijiona tumeendelea.

Umeme wa kwetu huondoka usiku na kurudi unapojisikia. Asubuhi moja niliwasha mashine, ikasimama kwenye kioo cheusi chenye mistari miwili ya Kiingereza. Mimi shule nimesoma kwa Kifaransa, na Kiingereza changu ni cha kubahatisha. Katika mistari ile nilitambua kitu kimoja tu, F1. Nikabonyeza F1, Windows ikafunguka, kazi ikaendelea. Pembeni mwa kioo saa ilionyesha 1 Januari 2009. Nikairekebisha kwa mkono.

Kesho yake vilevile. Na kesho kutwa. Kufikia wiki ya pili kidole kilikuwa kinaijua F1 kabla macho hayajafunguka vizuri. Siku nilizosahau kurekebisha tarehe, intaneti iligoma: kurasa zilidai si salama, kwa kuwa vyeti vyake vilikuwa havijaanza kutumika kwa mashine inayoamini iko 2009. Nikalaumu mtandao wa simu. Risiti nazo zilitoka na kichwa cha “Mkoa wa Rumonge” na tarehe ya 2009, na mkoa huo uliundwa 2015 (sasa, tangu 2025, umo ndani ya mkoa wa Burunga). Mzee mmoja mnunuzi aliishika risiti mbali na macho, akasema, “Mwanangu, kumbe mafuta yako yamelala hivi?” Tukacheka. Mzee wa watu alikuwa ameshaupima ugonjwa, na mimi nilidhani ananitania.

Siku ya balaa haikuwa na mbwembwe. F1 nilibonyeza kama kawaida, nembo ya Windows ikatokea, kikaja kioo cha buluu, mashine ikajizima na kujiwasha. Tena buluu. Tena. Ilikuwa siku ya kugawa malipo na watu walikuwa wameshakaa barazani. Nikamwita kijana mmoja fundi, mwepesi wa mikono na wa maneno. Alitazama mizunguko miwili, akatoa hukumu: “Windows imekufa, kaka. Nakupigia mpya, saa moja tu.”

Swali nililomuuliza ni moja: bei gani. Sikumuuliza ameona nini, wala yeye hakuniuliza kompyuta ilikuwaje jana. Alipochomeka flashi yake akataka kujua kama afute diski yote, nikamjibu afanye haraka, watu wanangoja. Jibu hilo ni langu mwenyewe, simtwishi kijana wa watu.

Baada ya saa moja na nusu Windows mpya iling'aa, na ndani yake hakukuwa na mama wa Kizuka wala mvuvi wa Minago. Usiku ule umeme ukaondoka. Asubuhi niliwasha, na kwenye kioo cheusi ikanikaribisha mistari ileile miwili, F1 ileile, 1 Januari 2009.

Ndipo nikaibeba kompyuta kwenye gari la abiria, kilomita sabini na tano hivi za barabara ya kandokando ya ziwa hadi Bujumbura, nikaingia Buyenzi, mtaa wa gereji na Kiswahili. Fundi niliyeelekezwa alikuwa mtu mzima. Hakugusa bisibisi. Alinikalisha akaniuliza, “Mdogo wangu, kabla haijaugua, saa yake ilikuwa inasema kweli?”

Nikamweleza yote, na F1 zangu. Akafungua kifuniko, akapuliza vumbi lililoshikana na moshi wa mawese, akagusa chuma cha boksi kutoa umeme wa mwilini, kisha akabandua kwa ukucha betri bapa kama sarafu. CR2032: jina lenyewe ni vipimo, milimita 20 upana na 3.2 unene. Inatakiwa kuwa na volti 3. Kipimo chake kilionyesha 2.1.

Betri ile haiendeshi kompyuta. Inalinda kumbukumbu ndogo ya saa na mipangilio wakati hakuna umeme. Kabla IBM haijatoa kompyuta yake ya AT mwaka 1984, mwenye kompyuta ndogo ya IBM kwa kawaida aliandika tarehe kwa mkono kila alipowasha. Mimi nilirudi zama hizo bila kujua. Tena, alisema, waya ukiwa ukutani na umeme upo, saa hulishwa na umeme huo hata mashine ikiwa imezimwa. Kwa hiyo mahali ambapo umeme haukatiki, betri inaweza kufa na mwenyewe asijue hata kwa miezi. Kwetu inaumbuka usiku mmoja. Kukatika kwa umeme, tunakokulaani kila siku, ndiko kulikonipa taarifa mapema, nami nikainyamazisha kwa kidole.

Kilichonimaliza ni hiki. Katika mashine za umri wa ile yangu, betri ikipungua saa inaweza kupotea kwanza, kisha mipangilio. Usiku wa kuamkia siku ya balaa mashine ilisahau namna iliyowekewa ya kusoma diski, ikarudia ya kiwandani. Windows iliyozoea namna ya kwanza ikawa kama mtu aliyebadilishiwa kitasa: nyumba ni yake, ufunguo ni wake, mlango hauitiki. Kioo cha buluu maana yake ilikuwa hiyo. Dawa ilikuwa kuweka betri mpya, kubonyeza F2 kwenye mashine ile, kurudisha mpangilio mmoja. Dakika kumi. Diski haikuwa na kosa lolote.

Aliitoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake kwa waya wa USB, akaiacha ikichunguzwa hadi alasiri. Yalirudi mafaili ya miaka miwili ya mwanzo. Ya karibuni, Windows mpya ilikuwa imeshaandika juu yake. Niliudhika aliponionyesha waya ule, kwa sababu ulikuwa wa bei ndogo, na ungetumika siku ya kioo cha buluu, hesabu zote zingenakiliwa kabla ya kijana kugusa kitu. Tangu hapo fundi anayeniambia “tupige upya” namjibu diski itoke kwanza.

Hesabu nyingine tulizijenga kwa midomo, kikundi kizima chini ya mwembe, kila mtu akitaja deni lake mbele ya wenzake. Mama wa Kizuka alitaja bidoni tatu, hakupunguza hata moja. Wengine walipunguza, na mimi niliyepoteza kitabu sikuwa na mdomo wa kuwabishia. Mvuvi wa Minago hakuja.

Sasa wewe mwenye kompyuta ya ofisi, ya msikiti, ya parokia au ya chama: nakili mafaili yako kwenye flashi leo, kisha jioni chomoa waya ukutani. Kesho asubuhi rudisha waya, washa kompyuta, na kabla ya kufungua kitu chochote tazama saa.