Siri ya jamaa ni ya nani?

Katika mazungumzo yetu juu ya mila, swali moja linarudi kila mara: mtoto aliyeteswa na watu wa nyumba yake, akisha kukomaa, anapaswa kunyamaza kwa ajili ya heshima ya jamaa? Wengi wetu tulilelewa na neno hili: «Mambo ya nyumba haitoke inje.» Tunataka kulipima neno hilo, maana tumeona matunda yake.

Hapa Lubumbashi, zamani za Union Minière na za Gécamines yenye nguvu, posho ya mfanyakazi ilipimwa kwa hesabu ya watoto wake. Mtoto alileta unga nyumbani. Katika miaka ya 1990 kazi ya kompani ilianguka, mishahara ikachelewa, na mtoto akaonekana kuwa kinywa cha kulisha tu. Miaka ile ile, kushitaki watoto ulozi kulienea katika miji mingi ya Kongo. Mgonjwa asipopona, kazi ikipotea, kidole kilimwelekea yatima aliyefika juzi na kifurushi chake. Wachungaji wengine walikubali maneno hayo, wakamnyima mtoto chakula, hata kumtia pilipili machoni.

Leo batu banasema: «Ni desturi yetu.» Hapana! Wazee walitaja ulozi, ndiyo, na watu wengi walionewa. Lakini kidole kilielekea zaidi watu wazima. Kumgeukia mtoto na kumfukuza barabarani si urithi wa bankambo. Ni woga wetu sisi, tumeuvika nguo ya mila.

Tunamjua mama mmoja katika mtaa wetu. Alipokuwa na miaka tisa, mjomba wake alimshitaki mbele ya jamaa nzima kwamba alimla binamu yake. Alichapwa, akalala jikoni miezi mingi. Nkambo yake peke yake alikataa. Alimchukua, akamwambia kila siku: «Weye haukufanya kitu.» Neno hilo ndilo lililomsimamisha. Alisoma, akaolewa, akazaa.

Miaka ikapita, mjomba akazeeka na kuugua. Jamaa wakamwendea yule mama: «Sameha, mambo ya zamani iishe, damu ni damu.» Akawajibu: «Aseme kwanza mbele ya batu bote ya kama mi sikukuwa mulozi.» Wengine walimwona ana moyo mgumu. Sisi tuliona kwamba ameshika desturi kuliko wao. Jina lililochafuliwa mbele ya watu, linasafishwa mbele ya watu, si pembeni. Mjomba alikawia, mwisho akawaita wote akasema. Yule mama alisikiliza, akashukuru, akarudi kwake kupika. Hata leo hajasema kama amesamehe, na hakuna mwenye haki ya kumuuliza.

Sheria nayo imesema. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kutesa watoto na kuwashitaki ulozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kulinda mtoto inamwadhibu anayefanya hivyo. Lakini sheria inakaa mbali na jiko alimolala mtoto. Jirani anakaa karibu, shangazi anakaa karibu.

Tunapenda kusema kwamba mtoto si wa mtu mmoja, ni wa jamaa yote. Kama ni hivyo, basi maumivu yake nayo ni ya jamaa yote, na kila mmoja wetu aliyeona akanyamaza ana deni. Siri ya nyumba ilikuwa ukuta wa kulinda wadogo. Ikigeuka kuwa ukuta wa kumficha anayepiga, tuubomoe. Aliyeumizwa hana deni kwetu. Sisi ndio tuna deni kwake: kusema ukweli kwanza, na kisha kungoja.