JE, UMEKUA, AU UMEPAZA SAUTI TU?

Kijana mpendwa,

Hebu nikuulize, nawe ujibu moyoni bila kumtazama mwenzako wa kijiweni: nani alikuambia kwamba umeshakuwa mtu mzima?

Babu yako hapa Kibiti alikuwa na jibu. Aliingia jandoni, akafundwa, akatoka, kijiji kizima kikamhesabu mkubwa. Bibi yako aliwekwa ndani, akachezwa. (Na usidanganywe kwamba nyimbo za zamani zote zilikuwa na haya! Waulize akina mama nyimbo za unyago zinasema nini.) Utu uzima ulitolewa na wakubwa. Mtu hakujitwalia.

Sasa iko filamu moja, Hali Halisi, ya mwaka 1999. Si ya ngumi, kwa hiyo usiitafute kwenye kibanda umiza pale Ikwiriri. Inaonyesha vijana wa Tanzania wakati rap inaanza kushika moto. Redio za watu binafsi zilikuwa bado changa; Radio One ilianza mwaka 1994. Wazee wakasema, uhuni huo! Vijana nao wakashika maiki, wakasema ajira hakuna, rushwa imejaa, wakubwa wanatudanganya. Ni kama vijana wa panki kule London mwaka 1976 na 1977: gitaa hawalijui sawasawa, kazi hawana, lakini kunyamaza wamekataa. Hawa hawakungoja kufundwa. Maiki ndiyo ilikuwa jando lao.

Je, walikosa adabu? Mimi nasema hapana. Kumwambia mkubwa kweli si kumtukana. Lakini sikiliza vizuri, ndugu yangu: kukataa peke yake hakujamkuza mtu. Hata mtoto wa miaka miwili anajua kukataa uji!

Waulize watu wa delta. Kijana wa Nyamisati haitwi nahodha kwa sababu amemfokea nahodha. Anaitwa siku anapoachiwa usukani kwenye mikono ya mto, humo kwenye mikoko, mchanga unahamahama, na mashua ikipwelewa abiria wote wanamgeukia yeye.

Basi tazama yaliyofuata, ambayo filamu haikuweza kuyaonyesha. Mr. II, mwenye wimbo wa jina hilohilo Hali Halisi, alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010. Mwaka 2018 mahakama ilimhukumu miezi mitano jela kwa maneno aliyosema juu ya Rais. Uyapende maneno yake, usiyapende, yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe aliyalipia.

Halafu Professor Jay. Mwaka 2001, katika Ndio Mzee, aliigiza mgombea anayeahidi kila kitu chini ya jua, watu tukacheka mpaka basi. Mwaka 2015 yeye mwenyewe akasimama Mikumi kuomba kura, na akapewa! Ikawa zamu yake kuulizwa barabara iko wapi, maji yako wapi. Mwaka 2020 wote wawili walikosa viti vyao.

Mimi sehemu hiyo ndiyo ningependa ipigwe picha. Kijana na maiki tumeshamwona. Nipe mtu wa miaka arobaini kwenye mkutano wa hadhara, jua kali, na kijana mmoja huko nyuma ananyoosha mkono, ana hasira ileile, anamwuliza: mheshimiwa, ulituahidi nini?