Msafiri wa Karibu: Masafa, Kusudio na Tadbiri katika Safari ya Baiskeli

Miongoni mwa maswali ambayo wanavyuoni wa Kiislamu wameyajadili kwa karne nyingi, na ambayo yanagusa maisha ya kila siku kuliko inavyodhaniwa, ni swali la nani anayestahili kuitwa msafiri. Swali hilo lina uzito kwa sababu sheria imempa msafiri ruhusa maalumu: sala za rakaa nne, yaani adhuhuri, alasiri na isha, anaweza kuzisali rakaa mbili mbili, jambo linaloitwa kusali kasri, na katika mwezi wa Ramadhani anaweza kufungua saumu na kuilipa baadaye. Ili ruhusa hiyo isiwe mchezo, ilibidi safari iwekewe mipaka, na katika kuiweka mipaka hiyo wanavyuoni walilazimika kufikiri kwa makini ni kitu gani hasa kinachoifanya safari kuwa safari. Fikra zao zinamfaa leo mtu ambaye pengine hawakumwazia: yule anayepanga kuendesha baiskeli kwa wiki tatu au nne bila kwenda mbali na kwao.

Mfano unaofaa ni wa mkazi wa mji wa Tanga anayekusudia kuuzunguka ukanda ulio jirani naye. Kusini kwake, katika mwambao, ipo Pangani, na njiani yapo magofu ya Tongoni. Magharibi yake ipo Muheza yenye mashamba ya mkonge, zao lililoletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893. Juu ya Muheza ipo milima ya Usambara Mashariki yenye msitu wa Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Na kaskazini ya milima hiyo ipo Maramba, ambako barabara inateremka kurudi pwani. Mwendesha baiskeli mwenye mzigo, akienda kilomita 40 hadi 50 kwa siku, akipumzika siku kadhaa, akisukuma baiskeli kwa miguu katika miinuko ya Amani, anaweza kutumia wiki tatu nzima katika mzunguko huo bila kuuharakisha.

Hapa ndipo tatizo linapojitokeza. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea zaidi katika pwani ya Afrika Mashariki, safari ya kupunguza sala ni ile inayofikia marhala mbili, yaani mwendo wa siku mbili wa misafara ya zamani, unaokadiriwa leo kuwa kilomita 80 na zaidi kidogo, na masafa hayo huhesabiwa kwa kwenda tu bila kujumlisha kurudi. Kwa barabara zake za kawaida, si Pangani, si Muheza, wala si Maramba inayofikia kiasi hicho kutoka Tanga mjini. Mtu anayepanda basi asubuhi kwenda Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 300, akakaa kitini, akamaliza shughuli yake na kurudi, ni msafiri bila ubishi wowote. Yule aliyelala nje ya nyumba yake usiku baada ya usiku, akaoga mitoni, akaziba pancha porini na kupanda mlima kwa nguvu za mapaja yake, akitazamwa kwa kila kituo peke yake, huenda akahesabiwa kuwa mkazi aliyetoka kidogo tu.

Elimu ya usuli, yaani elimu ya misingi ambayo hukumu hutolewa kwayo, inalijibu tatizo hili kwa kutofautisha illa na hekima. Illa ni alama iliyo wazi na inayopimika, ambayo hukumu imefungamanishwa nayo. Hekima ni lengo linalokusudiwa kwa hukumu hiyo. Katika suala hili hekima ni kumwondolea mja mashaka, na illa ni safari yenyewe. Mashaka hayana kipimo, kwa kuwa yanayomchosha mmoja hayamchoshi mwingine, na kwa sababu hiyo sheria ikashika alama inayoonekana na kila mtu. Wanavyuoni wa usuli walitoa mfano wa mfalme anayesafiri katika starehe, ambaye ana haki ya kupunguza sala, na wa mchukuzi anayebeba mizigo mizito katika mji wake, ambaye hana haki hiyo hata jasho likimtiririka. Kwa hiyo sheria haikatai kwamba mwendesha baiskeli wa karibu anataabika; inachosema ni kwamba taabu peke yake haikufanywa kuwa kipimo.

Hata hivyo, si wanavyuoni wote walioridhika na kipimo cha masafa. Ibn Taymiyya, aliyefariki Damascus mwaka 1328, alishikilia kwamba Kurani na Sunna zimeitaja safari bila kuiwekea idadi ya maili, na kwa hiyo inayorejewa ni ada ya watu, yaani kile ambacho jamii yenyewe inakitambua kuwa safari. Kwa maoni yake, mwendo mfupi unaochukua muda mrefu, ambao mtu huuchukulia masurufu na kujiandaa kama wajiandaavyo wasafiri, unaweza kuwa safari, ilhali mwendo mrefu unaomalizika upesi unaweza usiwe. Mtazamo huo unayahamisha macho ya mtafiti kutoka barabarani na kuyaelekeza nyumbani kwa msafiri kabla hajaondoka, kwenye mkoba anaoufunga, wosia anaouacha na siku anazozihesabu, kwa kuwa humo ndimo ada inamotambua kwamba fulani anasafiri.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba hata ndani ya madhehebu yanayoshika masafa, masafa hayasimami peke yake. Sharti mojawapo ni kwamba msafiri awe amekusudia mahali maalumu tangu mwanzo wa mwendo wake. Mtu anayetangatanga asiyejua aendako, ambaye katika vitabu vya fikihi anaitwa haim, hana ruhusa ya kupunguza sala hata akizunguka dunia nzima, kwa kuwa mwendo wake, ujapokuwa mrefu, haukuelekezwa popote. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake cha Minhaj at-Talibin kimekuwa nguzo ya masomo ya fikihi ya Shafii, anazungumzia pia mahali palipo na njia mbili, moja fupi isiyofikia masafa na nyingine ndefu inayoyafikia: mwenye kushika njia ndefu kwa sababu ya maana, kama vile wepesi au usalama, anahesabiwa masafa ya njia hiyo ndefu, na asiye na sababu hahesabiwi, kwa kauli iliyo na nguvu zaidi.

Kanuni hiyo inamhusu mwendesha baiskeli moja kwa moja. Barabara kuu ya lami itokayo Tanga kupita Muheza ina mabasi na malori yaendayo kasi, na kwa mtu aliye juu ya magurudumu mawili membamba, kuikwepa kwa kupitia Pangani na kisha kushika njia ya vumbi kuelekea Muheza hadi Amani ni jambo lenye sababu nzito ya usalama. Mwenye kutaka fatwa ya sala yake atawauliza wanavyuoni wa mji wake, kwa kuwa hukumu hutegemea undani wa hali ya muulizaji. Linalohusu mjadala huu ni kwamba urefu wa njia, jambo linaloonekana kuwa la vipimo vitupu, umewekwa chini ya swali la kwa nini njia hiyo ilichaguliwa. Masafa yameifuata sababu, na sababu ni jambo linaloamuliwa wakati wa kupanga.

Kwa msingi huo, kupanga safari ni tendo lenye thamani ya kimaadili, kwa sababu ndipo mahali ambapo nia, ambayo asili yake ni jambo la moyoni lisiloonekana, inapopata umbo. Anayepanga kuondoka mwezi wa Juni badala ya Aprili ameitambua masika, ambayo kwa kawaida hunyesha kati ya Machi na Mei na kuzigeuza njia za udongo za Amani kuwa utelezi. Anayepanga kurudi kutoka kusini katika miezi ya kipupwe ameukumbuka upepo wa kusi na kutaka umsukume mgongoni. Anayejifunza kubadilisha spoku, kukaza mnyororo na kubandika kiraka kwenye tyubu kabla ya kuondoka amekubali kwamba vijiji vingine havina fundi. Mwislamu anayehakikisha kwamba mzunguko wake hauangukii Ramadhani, kwa kuwa huenda masafa yake yasimruhusu kufungua, ameiheshimu ibada yake na mwili wake pamoja. Kila uamuzi wa aina hiyo ni nia iliyokwisha kuwa kitendo.

Pamoja na njia, upo muda wa kukaa. Katika madhehebu ya Shafii, msafiri anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukoma kuwa msafiri na kuwa mkazi. Katika madhehebu ya Hanafi muda huo ni siku 15. Kwa upande wa adabu ya wenyeji, mafundisho ya Mtume yanaufanya ukarimu wa haki kwa mgeni kuwa wa siku tatu, na ada ya Waswahili ni kali zaidi, kwani humtaka mgeni wa siku ya tatu ashike jembe. Sheria, adabu na ada, kila moja kwa njia yake, zinakubaliana kwamba ugeni ni hali yenye mwisho, na kwamba anayeurefusha kupita kiasi anawajibika kubeba mizigo ya wenyeji. Anayepanga wiki kadhaa za kulala katika vijiji vya jirani anapaswa kuyapanga makazi yake kwa ufahamu huo: asiigeuze huruma ya watu kuwa bajeti yake, aingie na chake, na asikae mahali hadi wenyeji waanze kuhesabu siku.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga sehemu nzima ya Ihya Ulumuddin kwa ajili ya adabu za safari, na adabu anazozitaja za mwanzo hufanyika kabla ya mguu kuvuka kizingiti: kurudisha haki za watu, kulipa madeni, kurejesha amana, kuwaachia matumizi wale wanaomtegemea msafiri, kuchagua mwenza mwema, na kuaga. Anasisitiza pia kwamba mnyama asibebeshwe asichokiweza. Baiskeli haihisi uzito, lakini mwili unaoiendesha unahisi, nao pia ni amana. Kwa hiyo mizigo inayorundikwa kwenye keria kwa hofu au kwa fahari ni dhuluma ndogo ambayo mtu anajitendea. Ukaribu wa safari hauziondoi haki hizo. Unazitia katika hatari ya kusahauliwa, kwani anayeondoka kwenda ng'ambo huaga na kulipa, na anayekwenda Pangani hujiambia kwamba atarudi tu.

Linabaki swali la tadbiri na tawakuli. Tadbiri ni kupanga mambo kwa akili, na tawakuli ni kumtegemea Mwenyezi Mungu. Wapo wanaodhani kwamba moja humfukuza mwenzake. Mapokeo yanaeleza kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda kuhiji bila masurufu wakidai kuwa wenye tawakuli, kisha wakifika wakawaomba watu, na kwa ajili yao ikashuka aya ya 197 ya Suratul Baqara inayoamuru kuchukua masurufu na kuyaunganisha na uchaji Mungu. Kwa upande wa pili, Suratul Kahf inamkataza mja kusema kwamba atafanya jambo kesho bila kulifungamanisha na mapenzi ya Mungu. Tawakuli isiyo na maandalizi huishia kuwatwika wengine gharama za uvivu, na maandalizi yasiyo na tawakuli hufanya kila tairi lililopasuka kuwa msiba. Mpango uliosimama sawa ni ule wenye siku kadhaa zilizoachwa wazi kwa ajili ya mvua, ugonjwa au mwaliko usiotarajiwa, kwa kuwa siku hizo ni kukiri kwa maandishi kwamba mpangaji si mmiliki wa kesho.

Safari ya karibu inaipima nia kwa namna ambayo safari ya mbali haiwezi. Aliyeko ng'ambo hana budi kuendelea, maana kurudi kunagharimu kama kuendelea. Aliyeko Muheza na miguu inayouma anaweza kupakia baiskeli yake juu ya basi na kula chakula cha jioni kwake. Kwa hiyo kila asubuhi anapokanyaga pedeli kuelekea Amani anakuwa ameichagua safari upya, na kusudio linalochaguliwa upya kila siku lina nguvu kuliko lililolindwa na ugumu wa kurudi. Ghazali mwenyewe alizigawa safari kuwa za aina mbili, ya mwili na ya moyo, na aliiona ya moyo kuwa bora. Hakuna sababu ya kudhani kwamba safari hiyo ya pili inahitaji kilomita nyingi.

Kwa hiyo hukumu ya makala haya ni kwamba msafiri hujulikana kwanza kwa kusudio lake, kisha kwa haki alizozitimiza kabla ya kuondoka, na mwisho ndipo kwa masafa yake. Anayefikiria kuizunguka nchi yake ya jirani kwa baiskeli asiidharau safari hiyo kwa kuwa ni ya karibu: ateue njia zake kwa sababu, alipe anachodaiwa, apunguze mzigo, aache nafasi ya majaliwa, aage watu wake kama waagavyo waendao mbali, kisha aondoke.