Nakala Isiyo na Leseni na Amana Iliyomo Katika Flashi

Mas-ala tunayoyaleta leo si makubwa machoni pa watu, wala hayatajwi sana katika mawaidha. Lakini yanamgusa kila kijana wa Awasi anayetafuta kazi, kila mwalimu anayetunga mtihani, na kila mwenye duka la kompyuta kando ya barabara itokayo Kisumu kwenda Kericho. Mas-ala yenyewe ni haya: je, programu ya kompyuta iliyonakiliwa bila ya leseni ni mali ya wizi? Na anayepokea flashi ya mwenziwe akaichomeka katika mashine yake, ana wajibu gani juu ya vilivyomo? Watu huyatenga maswali haya mawili kama kwamba hayana ujamaa. Sisi twaona asili yake ni moja, nayo ni hukumu ya kitu kinachoweza kuchukuliwa bila ya mwenyewe kukikosa.

Kwanza tuitazame hali ilivyo. Awasi ni mji wa soko; wapitao ni watu wa Ahero na mashamba yake ya mpunga, na watu wa Muhoroni na Chemelil penye miwa. Tangu ilipofunguliwa huduma ya eCitizen mwaka 2014, mambo mengi ambayo zamani mtu aliyaendea dirishani kwa karani, sasa huyaomba kwa kompyuta: cheti, leseni ya udereva, hesabu ya ushuru, mkopo wa masomo. Asiye na kompyuta huenda saiba. Huko hubeba flashi ndogo isiyozidi kidole, na ndani yake mna maisha yake yote: vyeti vya shule, picha ya kitambulisho, barua za kuomba kazi, namba za simu za wadhamini. Na mashine anayoichomekea aghlabu inaendeshwa na programu ambayo hakuna aliyeilipia.

Wala jambo hili si geni. Programu na chombo cha kuichukulia vilizua ugomvi tangu zama za mwanzo za kompyuta ndogo. Mwaka 1975 kampuni changa ya Microsoft ilitunga programu ya kompyuta iliyoitwa Altair, ikahifadhiwa katika ukanda wa karatasi uliotobolewa matundu. Wapenzi wa kompyuta huko California wakaupata ukanda huo, wakaunakili na kugawana. Mwezi wa Februari 1976 Bill Gates akawaandikia barua ya wazi akiwalaumu kwamba wengi wao wanaiba kazi ya watu. Ukanda wa karatasi umekwisha, zikaja diski, kisha mwaka 2000 zikaanza kuuzwa flashi. Lakini hoja za pande mbili ni zile zile.

Wanaohalalisha kunakili wana hoja tatu. Ya kwanza, husema kuwa mwizi ni yule anayeondoka na kitu, mwenyewe akabaki mikono mitupu. Anayenakili hamwondolei mtu chochote. Ya pili, mwenye programu ni tajiri mkubwa, hahisi hasara ya nakala moja ya Awasi. Ya tatu, sisi ni masikini, na bila ya programu hizi hatuwezi kuishi na watu wa zama zetu.

Kabla ya kuzijibu, tutaje yaliyokwisha amuliwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 imeihesabu programu ya kompyuta kuwa ni kazi ya maandishi, sawa na kitabu, na imemruhusu aliye na nakala ya halali ajiwekee nakala ya akiba. Ama kwa upande wa fiqhi, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Kuwait mwezi wa Disemba 1988 ilikata shauri kwamba haki za mtunzi na mvumbuzi zina thamani ya mali, na kwamba haijuzu kuzivamia. Kabla ya hapo baadhi ya wanazuoni wa Bara Hindi walisema kuwa mwenye kununua kitabu amekimiliki chote, na akitaka kukichapa upya hazuiliki. Hatuidharau rai yao, kwani walichelea ilimu isifungiwe kabatini mwa wafanya biashara. Lakini mnunuzi wa kitabu amenunua karatasi na ruhusa ya kusoma. Jasho la miaka la mtunzi halikuwamo katika bei ya nakala moja.

Sasa tuiendee hoja ya kwanza, kwani ndiyo mama yao. Tuseme ni kweli kwamba kunakili si dhulma maadamu mwenyewe hakupungukiwa. Basi kijana ameacha flashi yake kaunta kwa dakika tano, na mwenye saiba akanakili vyeti vyake, akamuuzia mtu mwingine avibadilishe jina. Flashi imerudishwa nzima. Hakuna faili lililopotea. Kijana huyo amedhulumiwa au hakudhulumiwa? Hatudhani yuko mtu mmoja Awasi atakayesema hakudhulumiwa. Mwanamke aliyechukuliwa picha zake kutoka katika flashi naye hakupungukiwa na picha hata moja, lakini amevunjiwa heshima yake. Ikiwa ni hivyo, kumbe haki ya mtu juu ya kitu haiishii katika kukishika mkononi. Iko pia haki ya kuamua nani akipate na kwa sharti gani. Na mwenye kuidai haki hiyo kwa ajili ya flashi yake, hawezi kuikanusha kwa aliyetunga programu.

Hatusemi kwamba makosa haya mawili yana uzito mmoja. Kufichua siri ya mnyonge ni kubaya zaidi kuliko kupunguza faida ya kampuni. Twasema tu kwamba mlango ni mmoja, na anayeuvunja kwa upande huu asistaajabu ukivunjwa kwa upande wa pili.

Hoja ya pili haihitaji maneno mengi. Utajiri wa mtu haumfanyi mali yake kuwa halali. Anayepunja mizani hasemehewi kwa kuwa mnunuzi alikuwa na fedha nyingi. Isitoshe, hasara haimwendei tajiri peke yake: kijana wa Kisumu anayetunga programu ya hesabu za maduka naye hunakiliwa vile vile, kwani mkono uliozoea hauchagui.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na ni lazima tuwe waadilifu. Bei iliyotangazwa Marekani ya Windows 11 ya nyumbani ni dola 139. Kwa thamani ya fedha ya mwaka 2025 ni kama shilingi 18,000 za Kenya. Ikiwa saiba hupata shilingi 10 kwa karatasi moja, ni karatasi 1,800 kabla ya kutoa kodi, umeme na wino, na hiyo ni mashine moja tu. Wauzaji nao wana lawama zao. Mkataba wa leseni ni kurasa nyingi za Kiingereza cha mawakili, na mtu hubonyeza "nakubali" bila ya kujua alichokubali. Hayo si maridhiano ya kweli baina ya wauziana. Na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza muda wake wa kawaida wa kuihudumia Windows 10, na mashine nyingi nzima hazikidhi masharti ya kuingia Windows 11. Aliye na kompyuta kuukuu huambiwa anunue nyingine, na ile ya kwanza haijaharibika. Anayeyaona haya akanung'unika, ana haki ya kunung'unika.

Lakini dharura hupimwa kwa kadiri yake, na huondoka njia ya halali ikipatikana. Njia hiyo ipo. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kutunga programu ambazo kila mtu ataruhusiwa kuzitumia, kuzichunguza, kuzinakili na kuzigawa. Leseni yake ya mwaka 1989 iliweka sharti kwamba mwenye kuigawa programu hiyo, hata akiirekebisha, asiwazuilie wengine uhuru alioupata yeye. Hakika inashabihi kisima cha wakfu: kila mtu huteka, na hapana ruhusa ya mtu kukitia kufuli. Mwaka 1991 ikaja Linux, na juu yake zikajengwa Ubuntu na Linux Mint, ambazo flashi moja ya GB 8 yatosha kuziingiza katika mashine nyingi zile zile kuukuu. Kwa kuandika barua na hesabu iko LibreOffice, isiyolipiwa hata senti. Wala lugha yetu haikusahauliwa: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, iliyosema na mtumiaji kwa Kiswahili.

Tena wengi hunakili pasipo haja. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa tangu 2012 zina ufunguo wa leseni uliohifadhiwa ndani ya ubao wake. Mwenye kununua kompyuta iliyotumika huenda tayari amenunua na leseni yake, kisha fundi akaifuta na kumwekea nakala iliyovunjwa kufuli, na kumtoza fedha juu yake.

Na nakala hiyo iliyovunjwa haiji peke yake. Programu za kuvunja kufuli mara nyingi humtaka mtu azime kinga ya virusi kwanza. Ni kama mgeni anayetaka mbwa afungwe kabla hajabisha hodi. Na mashine ambayo mwenyewe anaogopa kuipa masahihisho ya usalama, asije akagunduliwa, hubaki na tundu wazi. Kirusi kiitwacho Conficker, kilichotokea mwaka 2008, kilienea duniani kwa njia ya mitandao na pia kwa flashi, ijapokuwa sahihisho la kuziba tundu lake lilikuwa limekwisha kutolewa. Wateja wa saiba wanayajua madhara ya namna hii: mtu hufika nyumbani akaikuta mafolda yake yamefichika na mahali pake pana alama za njia ya mkato zisizofunguka. Aliyepata hasara si tajiri wa ng'ambo. Ni kijana aliyekuwa apeleke barua ya kazi kesho yake.

Kwa hivyo twawanasihi ndugu zetu wenye saiba. Flashi ya mteja ni amana kama nguo kwa fundi cherehani. Usifungue asichokuomba ukifungue. Ukinakili faili lake ili kulichapa, lifute mbele ya macho yake. Usiziache picha za vitambulisho zikakaa mezani mwa kompyuta wazionayo wajao baadaye. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuwajibisha kwa hayo, na kabla yake ilikuwajibisha dhamiri. Anza na mashine moja. Itie programu huria, wafundishe wateja wako kuandika humo, kisha endelea na ya pili.

Na vijana wetu twawaambia: wekeni vyeti katika flashi moja, na flashi ya kuchapia iwe nyingine, isiyo na ila faili mnalolihitaji siku hiyo. Walimu wa madrasa na wa shule nao wanaweza kufanya kazi kubwa kwa jambo dogo: kumwonyesha mwanafunzi kwamba kuna programu aliyoruhusiwa kuinakili, akampa na mwenziwe, wala hakuna aliyedhulumiwa. Mtoto atakayeanza hivyo hatahitaji kuhalalishiwa wizi akikua, na atajua kwa nini asifungue flashi ya mtu.