Mti Mmoja, Sheria Tatu

Namanga ina soko upande wa Kenya na soko upande wa Tanzania, na kote utawakuta mama wa Kimaasai na mafungu yao ya magome na mizizi. Dawa ya kiloriti ni ileile. Inachemshwa na supu ya nyama vilevile. Tofauti huanza mgonjwa anapodhurika: amlilie nani?

Tanzania ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002, na leo Baraza lililoundwa chini yake linasajili waganga na dawa zao. Kenya iliitambua tiba hii katika Sheria ya Afya ya 2017, na kuagiza Bunge liunde chombo cha kuisimamia. Uganda ilipata sheria yake mwaka 2019.

Lakini mwaka 2011, sheria yetu Watanzania ikiwa na miaka tisa, maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Wakenya na Waganda nao walivuka mpaka. Kikombe kilikuwa cha mizizi ya mugariga, kichaka chenye miiba ambacho Wamaasai hukiita olamuriaki na Wakikuyu mukawa. Hakikuwa kigeni kwa yeyote kati yao. Kigeni kilikuwa kile kilichoambatana nacho: imani kwamba kikombe kimoja kinamaliza UKIMWI na kisukari. Wapo waliokata roho wakiwa foleni, na wapo walioacha vidonge vyao. Jambo hili linaniuma hadi leo. Mzee alitoza shilingi 500 tu, kwa hiyo sisemi alitafuta utajiri. Nasema nchi tatu zilikuwa na wagonjwa barabarani, wala hapakuwa na aliyewauliza wanatumia dawa gani.

Shangazi yangu, anayechimba dawa tangu ujana wake, huuliza. Una mimba? Una presha? Hospitali wamekupa nini? Asiporidhika na jibu, hatoi hata kipande cha gome. Hiyo ndiyo tiba asili ninayoitetea, na ningependa Jumuiya ya Afrika Mashariki iwe na daftari moja la waganga wa namna yake, kwa sababu wateja wao hawajawahi kusimama mpakani.

Kabla ya hapo, ndugu msomaji, ukienda kliniki mwambie daktari ulichokunywa nyumbani. Nawe daktari, usimkaripie. Ukimkaripia leo, kesho atakuficha.