Kuondosha na Kukabidhi

Yapo maneno mawili katika kazi za ofisi ambayo kwa muda mrefu niliyadhania kuwa ni ndugu, kumbe hata ukoo mmoja hawana. La kwanza ni kukabidhi, na la pili ni kuondosha. Mtumishi anayehama kituo hukabidhi. Huketi meza moja na yule anayempokea, wakahesabu viti, wakafungua makabati, wakatia saini wote wawili, na aghalabu wakamaliza kwa kikombe cha chai. Lakini mali iliyochakaa, au isiyohitajiwa tena, huondoshwa. Hutengenezwa orodha, zabuni ikatangazwa, bahasha zilizofungwa zikatumbukizwa sandukuni, na yule atakayeipata mali hiyo huenda asionane kabisa na yule aliyekuwa nayo. Sheria imetimizwa, fedha zimeingia, na hapana aliyeibiwa. Hata hivyo, ziko nyakati ambapo moyo hukataa kuambiwa kwamba mambo yamekwisha, nami napenda kuuliza katika kurasa hizi kama moyo huo una haki yoyote, au kama ni utoto tu wa watu wazima.

Miaka michache iliyopita niliwekewa mezani orodha ya mali za taasisi moja ya umma, niisahihishe kabla haijapelekwa mbele ya bodi ya zabuni. Kazi yangu ilikuwa kuangalia namba, tarehe na tahajia. Kati ya trekta bovu na mabati yaliyokwisha kutumika, katika namba ya kumi na saba, palikuwa na maneno haya: jengo moja, matofali ya kuchoma, lilitumika kama klabu. Nilisahihisha neno moja lililokosewa, nikasogea namba ya kumi na nane. Ndipo kalamu ikasita. Jengo lile nalifahamu. Baadhi ya matofali yake niliyachoma mimi.

Msomaji kijana huenda asijue habari ya klabu hizo, kwa hiyo hapana budi nieleze kidogo. Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa mwaka 1963, na baada ya miaka michache ilitungwa sheria ya kuwataka wasomi walitumikie jeshi hilo kabla hawajaanza kazi. Tangu hapo, kwa miaka mingi, kijana aliyemaliza kidato cha sita alikwenda kambini kwa mujibu wa sheria, na ndiyo maana sisi tuliitwa “mujibu”. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 1994, ukarudishwa mwaka 2013. Mimi nilikuwa miongoni mwa makundi ya mwisho mwisho kabla ya kusimamishwa. Niliondoka Nkunga, kwetu Rungwe, katika ukungu wa alfajiri, na sanduku la bati kichwani, nikiwa sijawahi kulala mahali ambapo mtu mwingine aliamua saa ya kuamka kwangu.

Kambini palikuwa na hanga la kulala, bwalo la kulia, na uwanja wa kwata. Mahali pa kuwa mtu tu, bila mstari na bila filimbi, hapakuwapo. Basi tukaruhusiwa kujenga chumba kikubwa kimoja pembezoni mwa mji wa karibu, mahali ambapo sisi wanafunzi tuliovishwa kombati tungeweza kwenda Jumamosi jioni. Udongo tulikanyaga wenyewe, tanuru tukapanga wenyewe, na lilipowaka tulilikesha siku tatu kwa zamu. Ndani palikuwa na redio moja, bao mbili, meza ya drafti na ubao wa kuandikia. Jumamosi moja katika mwezi tulicheza dansi, na siku nyingine ubao ule ulitumika kuwafundishia kusoma wazee wa mtaa ule waliokuwa wamekosa shule. Mama mmoja muuza ndizi alijifunza hapo kuandika jina lake, akaliandika kwa mkaa katika ukuta wa nje, kubwa, na hapana aliyethubutu kulifuta. Nasi siku ya kumwaga simenti ya kizingiti tuliandika majina yetu kwa msumari, ishirini na watatu.

Nimeandika maneno hayo na tayari naona hatari yake. Kumbukumbu ni mpishi hodari mno. Hata mchicha wa jana huufanya pilau. Yafaa basi niseme na yale mengine. Tulikwenda kambini kwa kulazimishwa. Walikuwapo vijana waliougua, wasichana walioona taabu wasizopenda kuzisimulia hata leo, na wenye vyeo waliodhani kumtukana mtu ni kumfunza. Wala haikuwa kwamba wasomi wote waliipokea kazi hiyo kwa nyimbo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kuipinga, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu mia nne, kisha akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia ishirini. Mtu anayelilia klabu yetu bila kukumbuka habari hiyo analilia picha.

Tena liko jambo zito zaidi la kunihukumu. Tangu nilipotoka kambini hadi siku ile ya orodha, nilipita katika mji ule mara nne kwa safari za kikazi. Mara zote nililiona paa la klabu kutoka barabarani. Hata mara moja sikumwambia dereva asimame. Sasa, mtu ambaye hakusimamisha gari kwa miaka zaidi ya ishirini ana haki gani ya kuona uchungu siku jengo linapouzwa? Nilipojichunguza kwa ukweli niliona kwamba sehemu kubwa ya uchungu wangu haikuhusu matofali. Nilikuwa nalilia magoti yasiyouma, na wenzangu kabla hawajawa wakurugenzi na marehemu. Serikali haiwezi kutakiwa ilipe mlinzi na kupaka chokaa kila mwaka ili mimi, siku nitakayopenda, nikute ujana wangu umefungiwa ndani na ufunguo ukiwa kwa mlinzi.

Nilikwenda nyumbani Nkunga likizo ile nikiwa nimekwisha kujishinda kwa hoja hiyo. Jioni nilimweleza mzee mmoja wa ukoo wetu, ambaye mimi humwita tata ingawa si baba yangu mzazi. Alisikiliza, akachochea moto, akauliza: “Mwanangu, hiyo nyumba yenu ilikuwa ya kufanyia nini?” Nikamtajia redio, bao, dansi, ubao. Akasema, “Basi ilikuwa ya ukwangala.”

Neno hilo la Kinyakyusa si rahisi kulitafsiri. Maana yake ni kukaa pamoja na wenzako kwa furaha, kula, kunywa na kuzungumza, na kwa wazee wetu halikuwa jambo la anasa, bali lilikuwa wajibu na shule. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti wao katika nchi yetu miaka ya 1930, waliona jambo ambalo liliwashangaza wataalamu wengi: Wanyakyusa hawakuishi kwa koo tu, bali walijenga vijiji kwa rika. Mvulana wa miaka kumi hivi aliondoka nyumbani kwa baba yake, akajenga kibanda pamoja na wavulana wenzake waliochunga nao ng'ombe. Walikwenda kula kwa mama zao kwa kundi, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Wakikua waliitetea nchi pamoja, wakaoa, wakazeeka pamoja. Kitabu cha Monica Wilson kilichotoka mwaka 1951 kimesimama juu ya habari hiyo. Kwa hiyo vijana wenye silaha waliojijengea nyumba ya kuzungumzia hawakuletwa kwetu na jeshi lolote la kisasa.

“Na vibanda vyenu vya rika viko wapi?” nilimwuliza tata. Akacheka. Vilikuwa vya mianzi. Mvua ya Rungwe inajulikana, na mianzi huoza. Hapana aliyevililia.

Hapo nilidhani nimepata ushahidi wa kuitetea hoja yangu: kwamba watu wenye hekima huacha jengo liende na kubaki na wenzao. Lakini mzee hakuwa amemaliza. Alieleza habari za ubusoka, ile sherehe kubwa ambayo kwayo kizazi cha baba kiliwaachia watoto utawala wa nchi. Wazee walisogea kando wenyewe, wakaachia ardhi. Mioto yote ya zamani ilizimwa, na moto mpya ukapekechwa kwa vijiti, kisha kila nyumba ikawasha kutoka katika moto huo. Mwenye kuacha na mwenye kupokea walikuwapo wote wawili, na nchi nzima iliwaona.

Hapo ndipo nilipoona kosa katika hoja yangu. Mianzi huoza yenyewe, na kuoza kwake hakuhitaji uamuzi wa mtu. Tofali la kuchoma halina adabu hiyo. Litabaki, na kwa kuwa litabaki ni lazima mtu aamue litakuwa la nani. Huko Masoko, kwetu Rungwe, kando ya ziwa la Kisiba, kuna jengo la mawe la enzi za Wajerumani lililokuwa la askari wao. Wenyeji husimulia kwamba Wajerumani walipokimbia walitupa fedha zao ziwani. Waliondoka bila kumkabidhi mtu kitu, na hadi leo mazungumzo ya jengo lile hayaishi bila kutaja sarafu zilizozama. Baadaye lilitumiwa kuwa mahakama, jambo ambalo naona ni zuri. Lakini hadithi ya mahali pasipokabidhiwa ni lazima iwe na kitu kilichofichwa chini ya maji.

Wapo watakaosema kwamba kuuza ni kukabidhi, ila kwa bei. Sikubali. Tuliyaona wenyewe kuanzia mwaka 2002, nyumba za serikali zilipouzwa kwa watumishi. Wengi wa walionunua walikuwa wakiishi humo kwa haki, na walilipa walichotakiwa. (Mimi sikununua; si kwa uadilifu, bali kwa kukosa fedha, na nisingependa msomaji anipe sifa nisiyoistahili.) Lakini mabishano yaliyofuata, bungeni na mitaani, hayakuwa ya bei peke yake. Watu waliuliza mtumishi atakayekuja kesho atalala wapi. Yule ajaye hakuwa na kiti katika mapatano. Katika ubusoka anayekuja ndiye mwenye sherehe.

Kwamba jambo hili linawezekana hata kwa majengo ya matofali na hata katika siku zetu, Mazimbu ni shahidi. Mwaka 1977 Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini shamba la zamani la mkonge karibu na Morogoro. Wakajenga hapo shule kwa ajili ya vijana waliokimbia baada ya maasi ya Soweto ya mwaka 1976, wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana mpiganaji aliyenyongwa Pretoria mwezi Aprili 1979. Mabweni, karakana, hospitali, na makaburi pia, kwa kuwa baadhi yao hawakurudi. Nchi yao ilipoanza kufunguka wangeweza kuuza, maana majengo yalikuwa mengi na mema. Badala yake, mwezi Julai 1992, Oliver Tambo alikuja mwenyewe, akiwa mgonjwa, na mahali pale pakakabidhiwa kwa serikali yetu. Leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na jina la Mahlangu liko palepale. Mwanafunzi wa Kitanzania anayesoma hesabu hapo hana haja ya kumlilia mtu. Lakini akiuliza mahali hapa palikuwa pa nani, atajibiwa.

Niliporudi kazini niliandika katika jalada maelezo mafupi. Sikupinga mauzo. Niliomba tu wale waliolijenga waarifiwe, na itengwe siku moja ya kulikabidhi. Mkubwa wangu, ambaye si mtu mbaya na ana majalada mengi, aliandika chini yake: “Imeonekana. Endelea.” Nami nikaendelea. Orodha ilikwenda kwenye bodi ikiwa haina kosa hata moja la tahajia.

Mnunuzi nilionana naye mara moja. Nilikuwa safarini, na safari hii nilimwambia dereva asimame. Alikuwa mlangoni pamoja na fundi mwenye mtaimbo, wakitaka kuupanua mlango ili lori liweze kuingia. Nilimsalimu, nikajieleza. Alinitazama kidogo, kisha akaonyesha kizingiti kwa mguu na kuuliza majina yale ni ya nani. Nikamwambia ni ya vijana waliochoma matofali, na langu ni la nne kutoka kushoto. Akainama kulisoma. Akauliza kama wengine wako hai. Nikamtajia watano ambao najua hawako. Alisimama, akajipangusa magoti, akamwambia fundi aanzie upande wa pili.