Mwenye Nyumba na Mpangaji

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki mpangaji aghalabu hamwiti mwenye nyumba kwa jina lake. Humwita baba mwenye nyumba; na mke wake, au mwanamke aliyejijengea nyumba kwa mali yake mwenyewe, huitwa mama mwenye nyumba. Maneno hayo yamezoeleka hata hapana anayeyasikiliza tena. Walakini yanastahili kusikilizwa, kwa kuwa yamefunga pamoja mambo mawili yasiyofanana. Baba ni neno la damu na huruma. Mwenye ni neno la milki. Baba wa kweli hamfukuzi mwanawe kwa sababu mtu mwingine ameahidi fedha zaidi kwa chumba kile kile. Mwenye nyumba aweza kufanya hivyo, na mara nyingi amefanya. Mpangaji anapotamka maneno hayo asubuhi akiamkia, yamkini anatumaini kwamba nusu ya kwanza ya jina itaishinda nusu ya pili siku ya shida.

Basi liko swali. Ni lipi kati ya hayo mawili, ubaba au umiliki, linaloweza kusimamisha ujirani wa kudumu baina ya watu wawili wa namna hii? Watu wengi wema hujibu upesi kuwa ni ubaba: mwenye nyumba awe na moyo wa huruma, na mengine yatajitengeneza. Jibu hili ni zuri, na kwa uzuri wake halichunguzwi.

Nyumba yenyewe itazamwe kwanza. Nyumba ya Kiswahili, kama ilivyojengwa kwa wingi Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke katika Dar es Salaam, ina baraza mbele, ukumbi mmoja unaopita katikati, na vyumba, aghalabu sita, vitatu kila upande. Nyuma ni uani: jiko, stoo, bafu na choo. Mwenyewe huchukua chumba kimoja au viwili kwa ajili ya watu wake, na vilivyosalia hupangisha. Kwa hiyo mwenye mali na asiye na mali hukutana kila alfajiri mlangoni pa choo, kila mmoja na ndoo yake, na kila mmoja hujua mwenziwe amepika nini, ameugua nini, na amegombana na nani. Ukaribu huu una neema zake. Mtoto wa mpangaji akishikwa na homa usiku, mama mwenye nyumba ndiye wa kwanza kugonga mlango. Msiba ukitokea, turubai hufungwa mbele ya nyumba ile ile bila mtu kuuliza kwanza kama marehemu alikuwa wa chumba cha kodi au cha mwenyewe. Wanaoyadharau mambo haya hawajapata kuishi katika chumba cha kupanga.

Na ichukuliwe mathalani nyumba moja ya namna hiyo, ambayo mwenyewe ni mzee mstaafu, mpole wa tabia. Mpangaji wake mmoja ni fundi cherehani, naye amekaa humo miaka tisa. Mwaka ambao kazi ilimwendea vibaya, mzee alimsubiri miezi mitatu bila neno kali. “Usijali, mwanangu,” alimwambia, “Mungu akijalia utalipa.” Alilipa. Kodi haikupanda miaka mitano. Mkataba haukuwapo, wala stakabadhi. Kuandikiana kungeonekana kuwa dalili ya kutoaminiana. Ikaja masika, na bati lililo juu ya kitanda cha fundi likaanza kuvuja. Alisogeza kitanda, akaweka ndoo. Mvua ya pili alisogeza cherehani. Kila asubuhi alikutana na mzee uani, akamwamkia, akaulizwa habari za kazi, akajibu kuwa ni njema. Habari za bati hakuzisema. Angezisemaje? Mtu aliyekusubiri miezi mitatu hadaiwi bati. Mambo yakaenda hivyo masika mbili, na mzee, ambaye angalitengeneza siku ile ile kama angalijua, hakujua.

Katika hadithi hii hapana mtu mbaya, na ndiyo maana yafaa kufikiriwa kuliko visa vya wenye nyumba wakatili, ambao hukumu yao haina ugumu wowote. Kilichomfunga mdomo fundi ni wema aliotendewa. Deni la fedha lina kiasi, na siku likilipwa huisha. Deni la hisani halina kiasi wala stakabadhi, na mdaiwa hajui ni lini amelimaliza. Anayesaidiwa na mtu ambaye aweza pia kumtoa nyumbani hupokea msaada kwa mkono mmoja na hofu kwa mkono wa pili, hata kama mtoaji hakukusudia kumpa hofu. Kwa sababu hiyo unyamavu wa mpangaji, ambao wenye nyumba wengi huuchukua kuwa ushahidi wa amani, si ushahidi wa lolote.

Wala si mpangaji peke yake anayeumia. Mzee naye amefungwa. Saruji imepanda bei, bati limepanda bei, dawa za mkewe zimepanda bei, naye aona haya kupandisha kodi ya mtu anayemwita baba. Hujizuia mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, hata siku moja shida humshinda, akaongeza nusu ya kodi kwa mara moja, bila maelezo, kwa sauti ya ukali ambayo kwa kweli ni sauti ya haya. Mpangaji husikia usaliti. Miaka tisa ya wema hupotea kwa neno moja la jioni, na kila mmoja hueleza majirani kuwa mwenziwe amebadilika. Hapana aliyebadilika. Walikuwa wakidaiana muda wote bila kuhesabu.

Historia ya Unguja yaonyesha jambo hili kwa kipimo kikubwa zaidi. Ng'ambo, upande wa pili wa hori iliyoitenga na Mji Mkongwe, ilijengwa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa watumwa, na watoto wao, na wageni kutoka bara, juu ya ardhi ya watu wengine. Hapo awali wengi waliruhusiwa kujenga bila kodi au kwa kitu kidogo. Mwenye ardhi alijipatia wafuasi na heshima, nao walijipatia mahali pa kusimamisha ukuta. Ilikuwa hisani ya pande zote mbili, na kwa kuwa ilikuwa hisani haikuwekewa mipaka. Baadaye ardhi ikawa bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa, ikashikwa na watu ambao kwao wafuasi hawakuwa na thamani, na kodi ya ardhi ikapanda. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo, na wanawake wengi miongoni mwao, waligoma kulipa. Mgomo ule huweza kuelezwa kuwa ugomvi wa fedha, na fedha zilikuwamo. Lakini walikuwa pia watu walioamka na kukuta kwamba kibali walichokitegemea hakikuwa cha ardhi bali cha moyo wa mtu mmoja, na mtu huyo hayupo tena. Na litazamwe jambo moja zaidi: wagomaji wengi walikuwa wenye nyumba. Ukuta na paa vilikuwa vyao, kiwanja kilikuwa cha mwingine, na huenda baadhi yao walikuwa wakipangisha vyumba. Mtu mmoja aliweza kuwa mwenye nyumba akitazama ndani na mpangaji akitazama nje.

Kuna watu ambao kwao swali lote hili ni la bure, kwa kuwa dawa yake ni kumwondoa mwenye nyumba. Fikira hii si ya dharau. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, kwa hoja kwamba mapato ya namna hiyo hutoka katika jasho la wengine. Na mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilitaifisha majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Wapangaji wengi walipata ahueni ya kodi nafuu. Hata hivyo kodi ile nafuu haikutosha matengenezo, rangi ikababuka, mabomba yakapasuka, na mpangaji aliyekuwa akimwogopa mtu sasa alisimama mbele ya dirisha la ofisi. Mwaka 1990 kazi za Msajili ziliingizwa katika Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962. Mwaka 1991, katika maamuzi yaliyofanywa Zanzibar, masharti ya uongozi yalilegezwa, na viongozi wakaruhusiwa tena kupangisha. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba nayo ilifutwa mwaka 2005. Iwe mtu ayapenda mabadiliko haya au ayachukia, yanaonyesha kwamba uhusiano huu hauondoki kwa kumbadilisha mmiliki. Yeyote ashikaye ufunguo ana uwezo juu ya alalaye ndani.

Kama ni hivyo, mwenye nyumba mwema hujulikana kwa namna anavyoufunga uwezo wake mwenyewe, kabla ya kuulizwa na kabla ya ugomvi. Huruma huja baada ya hapo. Huandika kodi ni kiasi gani na itatazamwa upya lini. Huandika matengenezo yapi ni yake: paa, kuta, mabomba, choo kikijaa. Hutoa stakabadhi hata kwa mtu anayemwita baba, hasa kwa huyo. Hutaja muda wa notisi, na haupunguzi kwa hasira. Haingii chumba cha mpangaji pasipo kubisha hodi na kujibiwa karibu. Jambo hili dogo lina uzito kuliko zawadi ya sikukuu, kwa maana anayebisha mlango wa nyumba yake mwenyewe amekiri kwamba nyumba ni yake lakini makao si yake.

Wako watakaosema kwamba karatasi huua upendo. Watu wa pwani hawana haja ya kwenda mbali kutafuta jibu: aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani yahusu kuandikiana madeni, nayo imeelekezwa kwa waumini, watu wanaotarajiwa kuaminiana. Maandishi hayakuwekwa kwa ajili ya wezi peke yao. Yaliwekwa kwa sababu binadamu husahau, na mara nyingi husahau kwa upande unaomfaa.

Jambo la kodi ya mbele lastahili maneno zaidi, kwa kuwa humo ukweli umepinduliwa. Ni desturi Dar es Salaam mpangaji kudaiwa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mtu anayepata riziki yake kwa siku, au mshahara kwa mwezi, hutakiwa alipe kana kwamba huvuna mara moja kwa mwaka. Hukopa, huuza kitu, hucheza upatu, hulipa; kisha hushukuru kwa kupewa chumba. Lakini nani amemfaa nani? Aliyelipa mwaka mbele amemkopesha mwenye nyumba fedha bila riba, na mara nyingi ndizo zilizonunua bati la chumba cha jirani. Laiti mwenye nyumba angelitazama hivyo, angempokea mpangaji mpya kama mtu anayempokea mkopeshaji wake, yaani kwa adabu. Katika mapatano hayo huwapo pia dalali, ambaye aghalabu huchukua kodi ya mwezi mmoja kila chumba kinapopata mtu mpya. Huyu ndiye peke yake ambaye kuhama kwa watu ni faida kwake. Wengine wawili hupata hasara kwa kila kuhama, ila hukumbuka hayo baada ya kuachana.

Mpangaji naye ana wajibu, nao hauhitaji maelezo marefu: alipe kwa wakati, atunze asichokijenga, na aseme. Hili la mwisho ni gumu kuliko mengine. Katika nyumba zenye mita moja ya Luku kwa vyumba vyote, chuki nyingi huzaliwa na friji ya mmoja na taa ya mwingine, na hukua kwa sababu kila mtu hunung'unika chumbani kwake. Lakini haki haimtaki mtu aseme mahali ambapo kusema kutamgharimu makao. Kwanza mdomo ulindwe, kisha ulaumiwe kwa kunyamaza.

Lililobaki ni neno kudumu. Mara nyingi lapimwa kwa miaka ambayo watu wawili wamekaa pamoja, na kwa kipimo hicho mzee na fundi cherehani wamedumu. Kipimo kigumu zaidi huja siku mzee anapofariki. Warithi ni watano. Mmoja yuko Mwanza, mmoja Muscat, wawili hawasemezani, na mmoja ataka nyumba iuzwe. Hapana hata mmoja kati yao aliyesema “usijali, mwanangu.” Wema wa baba yao haumo katika mirathi, kwa kuwa hapana mahali ulipoandikwa, na mpangaji wa miaka tisa ni mgeni aliyelala katika mali yao. Lakini huenda mzee, baada ya masika ile ya pili, alimwona fundi akibeba ndoo ya maji ya mvua ukumbini, akauliza, akajibiwa kwa haya, kisha akamtuma mjukuu dukani kununua daftari. Ikiwa ndivyo, kijana atakayelifungua baada ya arubaini atakuta humo jina la fundi, kiasi cha kodi, miezi mitatu aliyosubiriwa na tarehe alizoilipa, muda wa notisi uliokubaliwa na wote wawili, na siku ambayo bati la chumba cha pili kushoto lilibadilishwa.